Ufunguo wa Pili

Wewe unayesoma, tega sikio nami nitege kitendawili. Mmoja huingia nyumbani ameshika taa akajikwaa kizingitini. Mwingine huingia gizani asiguse hata kiti. Mwenye taa ndiye mwenye kukaa humo. Je, asiye na taa ni nani? Usikimbilie kusema mwizi. Wala usinipe mji bado, uweke mfukoni kwanza.

Mwenye taa alikuwa mwanamke mshona viatu, mgeni wa mtaa, aliyepanga vyumba viwili mwisho wa ujia, ghorofa ya pili. Watu walimwita Mama Soli, kwa kuwa alikutazama miguuni kabla hajakutazama usoni. Alihamia na nyundo, sindano nene ya shazia, makopo ya gundi, na moyo uliofungwa kamba mafundo saba.

Siku ile ya kuhamia, mwenye nyumba alimkabidhi funguo mbili. "Mmoja ni wako," akamwambia. "Wa pili utampa nani? Binadamu hupoteza, binadamu huugua. Lazima awepo mtu."

Mama Soli akazitia zote mfukoni. Ampe nani? Kule alikotoka alimwachia rafiki yake, wa kufa na kuzikana, ufunguo wa banda la kazi. Akaenda kumzika shangazi, siku tatu tu. Aliporudi alikuta banda jeupe, hata msumari wa kutundikia koti umeng'olewa. Na aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini upweke nao ni jino bovu. Kazini unalisahau, ukikaa kula linakukumbusha. Alichotamani hakikuwa kikubwa: mtu wa kumwambia jioni, "Leo mgongo umenikataa," na mtu huyo amjibu, "Pole."

Siku ya tatu akasikia hodi. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama mnene mwenye mwanya, kashika birika linalofuka moshi.

"Karibu mtaani, mdogo wangu! Mimi wananiita Mama Birika, sababu unaiona."

Jioni ilikuwa inaingia na taa haijawashwa. Kabla Mama Soli hajainuka, yule mgeni alipeleka mkono nyuma ya kabati la ukutani akabonyeza swichi, wala hakuangalia. Swichi ile Mama Soli aliitafuta siku mbili! Kisha mgeni akaelekea jikoni, akainua mguu kwenye kizingiti kirefu cha katikati, kile ambacho Mama Soli mwenyewe alikuwa anakigonga kwa vidole vya mguu kila asubuhi.

"Hilo dirisha la jikoni liinue kwanza ndipo ulisukume," akasema huku akitafuta vikombe. "Na bomba ulifungue taratibu, lina kisirani."

Mama Soli akamgeukia. "Dada, kwani nani alikaa humu kabla yangu?"

"Kunywa chai, inapoa."

Akamuuliza muuza duka wa chini. Yule akajifanya anatafuta viberiti. "Mama, mimi nauza sabuni. Wapangaji siwauzi." Akamuuliza mwenye nyumba. "Alikaa mtu," akajibiwa, basi. Mtaa mzima una ulimi, ila ukigusa neno hilo ulimi unameza mate.

Hata hivyo Mama Birika alikuja kila jioni, na vicheko vyake vilikuwa vitamu. Siku moja Mama Soli alimvua ndala ya kushoto, akaigeuza.

"Kisigino kimelika upande, dada. Unatembea kama mtu anayetaka kugeuka arudi alikotoka."

"Una mdomo mkali kuliko shazia yako!" Mama Birika alicheka mpaka akajifuta machozi, na kule kujifuta kukachukua muda.

Mama Soli akaishonea kiraka cha tairi, chenye mistari kama mifupa ya samaki. Jioni ile mkono wake uliingia mfukoni, ukaugusa ufunguo wa pili. Ukaugusa tu, ukatoka mtupu.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilimkuta kazini mchana. Akakumbuka kwamba ameliacha wazi dirisha la jikoni, na chini yake kuna jozi sita za wateja, gundi haijakauka. Akakimbia, maji yanamchuruzika mgongoni. Mlango alikuta umefungwa kama alivyouacha. Ndani, dirisha lilikuwa limefungwa pia. Viatu vyote vimepangwa juu ya meza, vikavu. Na sakafuni kulikuwa na alama moja ya unyevu, mguu wa kushoto, mifupa ya samaki.

Kazi ya mikono yake mwenyewe ilikuwa inamtolea ushahidi.

Unadhani alifurahi viatu vimepona? Hata kidogo. Aliliona lile banda jeupe. Jioni ile hodi ilipigwa, hakufungua.

Kesho yake asubuhi akamleta fundi wa kufuli, kijeba mmoja anayeongea na kufuli kama anaongea na mgonjwa.

"Pole, babu, umezeeka, toka upumzike," alilibembeleza lile la zamani, parafujo zikidondoka. Akafunga jipya. "Haya mama, funguo mbili. Wa kwanza huu hapa. Wa pili nimpe nani?"

"Ngoja kwanza."

Mama Birika akatokea ujiani na birika lake. Akaziona parafujo sakafuni, akasimama.

"Dada, jana uliingia kwangu," Mama Soli akasema.

"Nani kakwambia?"

"Kiraka changu. Nakijua kama mwanangu."

Mama Birika akautazama mguu wake. Akaweka birika chini, akafungua fundo kwenye pindo la nguo, akatoa ufunguo uliochakaa.

"Kila siku unaniuliza nani alikaa humu. Mimi. Miaka kumi na tisa. Mume wangu alipofariki, vyumba vikanizidi, nikahamia hicho kimoja hapo. Wangu na wa akiba nilizirudisha. Huu ulikuwa wa marehemu, ndio ulionishinda. Na hawa wote wa mtaa niliwaomba wasikwambie. Nani anataka rafiki anayekuja kuangalia kuta zake za zamani? Jana mvua ilipoanza, miguu ilikwenda yenyewe. Nimeshafunga dirisha ndio nashtuka, viatu hivi si vyangu, nyumba hii si yangu. Nikavipandisha mezani, nikatoka mbio kama mwizi."

Mama Soli akawaza: mwizi gani hufunga dirisha? Kisha akawaza: yule wa banda naye alikuwa na maneno matamu. Akateremsha macho, kama kawaida yake, mpaka kwenye kile kisigino kilicholika upande. Mdomo unaweza kupangwa, lakini kisigino hakilishwi maneno, na hiki kilikuwa kimetembea miaka kikitaka kurudi hapa. Yale mafundo saba, moja likalegea.

"Jamani mama zangu, kuna makufuli yananisubiri," fundi akalalamika, ufunguo ukining'inia kidoleni. "Nauliza tena. Huu wa pili nimpe nani?"

Mama Soli akainua macho mpaka usoni kwa Mama Birika.

"Mpe huyu," akasema. "Ila agonge kwanza."