Prosesa ya Mwalimu Wagih

Mwalimu Wagih wa mtaa wa Shubra alikuwa mtu mwenye raha zake mpaka jirani yake alipomwuliza mwimbaji amekaa wapi.

Aliulizwa Alhamisi moja alasiri, ndani ya gari lake mwenyewe, kigari cheupe cha miaka thelathini na mbili ambacho mafundi wa mtaa walishakiombea mwisho mwema. Injini ilikohoa, ila koo lilikuwa la dhahabu: redio mpya, spika nne, amplifaya chini ya kiti, na sanduku la besi lililojaza buti lote, hata vitunguu vya sokoni sasa vilisafiri mapajani mwa mke. Wagih alifundisha jiografia shule ya wavulana. Kutwa alisikiliza mayowe, na akitoka hapo alijifungia garini na Sitti Nabawiya, mwimbaji wa enzi za baba yake, aliyeweza kurudia mstari mmoja mbele ya ukumbi mara kumi na moja na kila mara akakuchoma mahali papya.

Jirani huyo, Galal, muuza vigae vya bafuni, alifumba macho akasikiliza, kisha akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa picha ya mapafu.

"Mwalimu, huyu bibi yuko wapi?"

"Amekufa zamani, Mungu amrehemu."

"Sikuulizi kaburi! Sauti yake inatokea wapi?"

Wagih akatega sikio. "Hapa… kwenye spika ya mlangoni."

"Basi amekukalia gotini. Goti la kushoto. Mwanamke wa heshima kama yule! Kwangu mimi anasimama juu ya dashibodi, katikati, na wapiga fidla nyuma yake. Nimeweka prosesa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kiboksi tu, kama cha tende. Kinaizuia spika ya karibu kidogo, ile ya mbali iwahi, sauti zote zikufikie sikioni pamoja. Bila hicho, ndugu yangu, unasikiliza kelele zenye jina zuri."

Galal akateremka, akaenda zake kula. Wagih akabaki na goti lake.

Toka siku ile hakumsikia tena Sitti Nabawiya, alisikia goti. Alisogeza kiti mbele, akakirudisha nyuma, akaweka mto mlangoni, akajaribu kuendesha shingo imepinda mpaka trafiki akamsimamisha kumwuliza kama anaumwa. Wala Galal hakumsaidia. Kila asubuhi alipita na kioo kimeshushwa, akiinamia dashibodi yake kidogo kwa adabu, kama mtu anayempisha mama mtu mzima mlangoni.

Wagih akafanya kosa la kuomba ushauri mkahawani. Siku ya pili mkahawa mzima ulikuwa umegawanyika kambi mbili na domino zimelala mezani. Mstaafu wa reli alisema redio yake ina tundu moja, sauti hutokea humo, na hajawahi kuidai anwani. Wakili mmoja akasema kumchelewesha aliyewahi kwa ajili ya aliyechelewa ni dhulma, na ndiyo iliyoharibu nchi. Wa kambi ya pili wakamjibu kwamba mwenye amplifaya asiye na prosesa ni sawa na aliyechinja kondoo akaogopa kumchuna. Walikaribia kushikana mashati. Katika wote hao hapakuwa na hata mmoja mwenye gari.

Nyumbani alimjaribu mkewe Inshirah, mfamasia, mwanamke wa maneno machache yenye vipimo.

"Mama Shirin, wewe ukiwa garini unamsikia Sitti Nabawiya wapi?"

"Namsikia kwenye gari lenye tairi la nyuma lenye upara kama wa mkuu wako wa shule."

"Nazungumzia sauti."

"Na mimi pia. Hilo tairi likipasuka utasikia sauti, tena kutoka pande zote."

Likanunuliwa tairi, maana Wagih hakuwa mwendawazimu. Kisha ikanunuliwa prosesa, maana hakuwa mzima sana pia.

Gari lililala siku mbili kwa fundi Bishara, mtaa wa Tawfiqiya. Jumamosi mume na mke walilifuata, wakiwa njiani kwenda Tanta kwa dada yake Inshirah, sinia la keki ya basbusa mkononi. Bishara alivaa koti jeupe na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa. Alimketisha Wagih kwenye usukani, akatoa futi ya fundi cherehani, akapima kutoka kila spika hadi sikio lake, akaandika, akapima tena.

"Usimeze mate, Mwalimu. Sikio linacheza."

Inshirah alichungulia dirishani. "Na langu unalipima saa ngapi?"

Bishara akashusha futi. Inaonekana swali hilo lilishamharibia siku nyingi. "Bibi, prosesa inapanga sauti kwa kiti kimoja. Nikimsimamisha mwimbaji mbele ya bwana, wewe utamsikia yuko nje, anakimbia sambamba na gari."

"Basi mpange katikati," alisema Wagih kwa ukarimu.

"Katikati mtakosa nyote wawili. Atakayefaidi ni gia."

Mwishowe Bishara akatoa kitufe chenye taa mbili. Taa ya kijani, mwimbaji ni wa dereva. Taa nyekundu, ni wa abiria. "Wateja wangu wenye wake huwa nawawekea hiki," alisema. "Mkabonyeze kwa amani."

Amani iliwafikisha Qalyub tu, mji wa kwanza njiani. Wagih alibonyeza kijani, na kwa mara ya kwanza Sitti Nabawiya akasimama juu ya dashibodi, mzima, kitambaa chake mkononi, au hivyo ndivyo alivyoapa Wagih. Machozi yalimlenga. Alipofungua mdomo kumshukuru Mungu, taa ikawa nyekundu.

"Mama Shirin!"

"Nataka kuona hiyo pesa yetu imekwenda wapi."

"Subiri ubeti uishe."

"Ubeti wa Nabawiya unaisha? Huyu mama anaweza kutufikisha Aleksandria na neno moja."

Kijani. Nyekundu. Kijani. Sitti Nabawiya, ambaye alipokuwa hai hakuwahi kuruka jukwaani, sasa aliruka kutoka kiti hadi kiti kama panzi. Walipatana zamu: mume mpaka mji wa Benha, mke kutoka Benha. Lakini mpaka wa Benha uko wapi hasa? Mwalimu wa jiografia alisema ni daraja la mto. Mfamasia alisema ni kibao cha barabarani, kilichokuwa kilomita nyingi nyuma. Katika kubishana Wagih alilipita lori la miwa kwa upande usiofaa, honi yake ikawapigia wote wawili kwa usawa kabisa.

"Simamisha," alisema Inshirah.

Akasimamisha kando ya mfereji.

"Kiti chenye haki ni cha dereva, sivyo?"

"Ndivyo fundi alivyosema."

"Basi shuka. Naendesha mimi."

Inshirah alikuwa na leseni tangu binti yao Shirin ananyonya, na miaka yote hiyo haikutoka kwenye mkoba, kwa kuwa Wagih alikuwa amemweleza kwamba klachi ya gari hili ina tabia zake. Wagih akafikiria kulisema tena. Akatazama uso wa mkewe, akashuka, akapokea sinia la basbusa.

Klachi haikuonyesha tabia yoyote. Inshirah aliingia barabarani kama anayerudi nyumbani kwake, akabonyeza kijani, wimbo akauanza upya. Kilomita baada ya kilomita alisikiliza tu.

"Baba Shirin," alisema hatimaye, sauti imelainika. "Kuna mtu amekohoa ukumbini. Kabla Sitti hajarudia mstari mara ya nne. Na yeye akamsubiri amalize."

"Tumeusikiliza tangu uchumba. Hakuna anayekohoa."

"Yupo. Mzee, kushoto, nyuma kidogo. Maskini, ana kifua."

Wagih alitega sikio mpaka likamuuma. Upande wake Sitti Nabawiya alikuwa nje ya kioo, akikimbia juu ya mashamba ya bersimu, majani ya mifugo. Akawa hana la kufanya ila kumfuata kwa macho. Huko aliona minara ya njiwa, mifereji inayogawana maji matawi kwa matawi, nyati wamezama hadi puani. Miaka ishirini na sita alikuwa akichora Delta ubaoni kwa chaki, na akipita njia hii macho yake yalikuwa kwenye taa za breki za aliye mbele. Alishangaa ilivyo ya kijani. Alikula kipande cha basbusa bila kuomba ruhusa.

Shule ilipofunguliwa Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya kazi huko, ni Inshirah aliyempeleka. Na Jumatatu. Mkahawani Wagih aliwaambia kwamba macho yake yanahitaji mapumziko. Galal peke yake alimvuta pembeni, akamwuliza kwa kunong'ona kama ni kweli kile kitufe kipo, na Wagih akamsihi, kama jirani kwa jirani, mke wa Galal asije akasikia habari zake.

Wiki ya tatu, juu ya daraja la Rod el-Farag, kigari kilipokuwa kinatetemeka kwa mwendo ambao hakijauona tangu kitoke kiwandani, Wagih alishika mkono wa mlango.

"Mama Shirin, punguza kidogo."

"Usiseme sasa," alijibu Inshirah. "Yule mzee anakaribia kukohoa."