Kitanda Namba Tisa Hakikulaliwa

Kanuni ile aliitunga Mama Funguo mwenyewe, na kwa miaka minne hakuna aliyemwona akiijutia. Nyumba ya makazi ya muda aliyoisimamia ilikuwa na vitanda ishirini na vinne, na orodha ya wanaongoja haikuwahi kwisha. Sasa mtu akishika kitanda halafu akaenda kulala kwa shemeji yake, utamwambia nini yule anayelala barazani mwa duka? Kwa hiyo kila siku saa tatu asubuhi, wakaaji wakishatoka kwenda kuhangaikia riziki, Mama Funguo alipita kitanda hadi kitanda na karatasi yake. Shuka likiwa limevurugika, mwenyewe amelala. Shuka likiwa limenyooka, hakulala, anapigwa alama. Alama tatu mfululizo, anaondolewa, na harudi mpaka miezi sita ipite.

Kitanda namba tisa kilikuwa cha fundi viatu, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, ambaye tangu nyumba aliyopanga ibomolewe alikuwa akilala nje ya duka la vyombo. Asubuhi tatu za kwanza Mama Funguo alikikuta kimenyooka, mto katikati, blanketi limekunjwa kona kwa kona. Akapiga alama ya tatu, akapeleka jina ofisini, akabandika barua mlangoni, kisha akaenda kunywa chai yake roho kwatu.

Saa sita mchana alimkuta fundi nje ya geti, mfuko wake begani. Alikuwa ameinama, anafagia kwa kipande cha boksi pale kwenye ngazi alipokuwa amekaa.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nasafisha, Mama. Mahali ukipaacha safi, mlinzi hakufukuzi siku ya pili."

Mama Funguo akamsogelea. "Na kitanda? Kitanda nacho ulikuwa ukikifanya hivyo?"

"Hicho ndicho nilichokitunza zaidi," fundi alisema, kidogo kwa fahari. "Nikiamka tu, natandika. Nanyoosha mpaka isijulikane kama kuna mtu aliyelala. Nilitaka mnipokee tena."

Aibu ilimpanda Mama Funguo mpaka masikioni. Miaka minne anakagua mashuka, na hajawahi kufikiri kwamba mtu aliyezoea kufukuzwa hufuta alama zake mwenyewe.

"Barua umeiona. Mbona hukuja kuniuliza?"

"Mimi nikifukuzwa huondoka, Mama. Ukibishana unaongezewa na teke."

"Mficha uchi hazai, fundi. Ungesema." Lakini hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi kwa mtu mwenye funguo mkononi.

Akaingia ndani mbiombio kulichukua daftari la mlinzi wa usiku. Mlinzi hakuandika majina, maana wengi waliotoka mitaani huogopa kuandikwa. Alihesabu vichwa tu baada ya geti kufungwa. Usiku wa kwanza, ishirini na vinne. Wa pili, ishirini na vinne. Wa tatu, vilevile. Hakuna kitanda kilichokuwa kitupu. Daftari lilikuwa pale siku zote, hatua kumi tu kutoka mezani kwake, na hakuwahi kulilinganisha na karatasi yake.

Mama Funguo akajifunga kibwebwe. Saa kumi kamili ofisi ya makazi ingempigia simu anayefuata kwenye orodha, na baada ya hapo fundi angekuwa wa mtaani kwa miezi sita. "Twende," alimwambia. Fundi akamfuata bila kuuliza wanakwenda wapi.

Ofisini walimkuta afisa ambaye wafanyakazi wote walimwita Bwana Kesho, na jina lenyewe hakuwa amelipata kwa bahati nasibu. Alilisoma daftari, akajikuna kidevu.

"Mama, kanuni hii si ni yako? Uliitetea kikaoni mpaka ukagonga meza."

"Niliitunga mimi, na aliyekosea ni mimi. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo, barua ya onyo inaingia kwenye faili lako."

"Iingie. Faili lenyewe ni jembamba, litanenepa kidogo."

Bwana Kesho akaguna. "Basi leteni maelezo kesho."

"Kesho kitanda kitakuwa na mtu mwingine. Huyo anayefuata nitamhangaikia godoro mimi mwenyewe, hata kama ni kulitandika katika chumba changu cha ofisi. Lakini sitampa cha mwenzake."

"Mama, nimesikia. Ila sasa nina kikao. Naomba mtoke nje." Akasimama, akafungua mlango, akaushika.

Fundi aliinuka papo hapo. Mfuko ulikuwa umeshafika begani kabla Mama Funguo hajageuka, na miguu yake ilijua njia, maana ilikuwa kazi yake ya siku nyingi. Alipiga hatua ya kwanza, ya pili. Mama Funguo akataka kumshika mkono, akajizuia. Ya kwake alikuwa ameshayasema. Lililobaki hakuweza kulisema kwa niaba ya mtu.

Kizingitini fundi akasimama. Akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Kisha akarudi, akaweka mfuko chini, akakaa kwenye kiti kilekile.

"Siondoki," alisema. Akamgeukia afisa, akaanza upya. "Nimelala pale siku tatu, afande. Kitanda ni changu. Siondoki."

Bwana Kesho alibaki ameshika mlango. Alimtazama Mama Funguo, naye akaangalia pembeni, maana machozi yalikuwa yameshamjaa machoni. Mwishowe afisa akauachia mlango, akarudi mezani na kuifungua orodha.

"Kitanda namba ngapi?"

"Tisa," fundi akajibu, kabla mtu mwingine hajamjibia.