Wivu wa Jumatano

Ghassan hakuwa na ugomvi na siku yoyote ya wiki isipokuwa Jumatano. Siku hiyo Jumana, mkewe, hupanga udi na vitambaa vyake katika soko la wanawake la Ibra, huko Omani, mahali ambapo mwanamume haruhusiwi kutia mguu, na simu ya Ghassan haipokei mpaka adhuhuri. Akija kujibu, sauti yake imejaa raha. Raha hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla Ghassan. Nani kampa? Si yeye. Yeye yuko Nizwa, juu ya ngazi, anafunga kamera za ulinzi madukani.

Ndoa ilikwisha fungwa. Mahari yametolewa, mashahidi wametia saini; iliyobaki ni harusi, na mpaka siku ya harusi Jumana anakaa kwa babake. Ni mke wake, lakini chini ya dari ya watu wengine. Ghassan hakuweza kulizoea jambo hilo hata kidogo.

Basi akamwita dadake, Reem, msichana wa chuo asiyejua kumkatalia.

"Nenda Jumatano. Simama mbali, umchukue video. Nataka kuona anazungumza na nani."

"Na hao wanawake wengine je, kaka? Mle watu wamekaa nyuso wazi."

"Wengine nawatakia nini? Namtaka mke wangu tu."

Reem akaenda, akaificha simu nyuma ya mkoba, akarudi na video fupi. Ghassan aliitazama ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Jumana kakaa kitako nyuma ya meza yake, simu sikioni, ile ile ambayo kwa mumewe ilikuwa haijibu. Anacheka mpaka anajifuta machozi.

"Nadhir, wallahi utaniua," anasema. "Haya, njoo basi. Lakini usimwambie mtu."

Ghassan akairudia, akairudia tena. Mkewe hakuwahi kucheka hivyo mbele yake. Alitafuta kichwani mwake Nadhir mmoja tu wa kumshika shingo, hakumpata. Hapo hapo akamtumia video hiyo Aflah, kaka yake Jumana, anayefanya kazi katika ofisi ya wakili kule Sur, na chini yake akaandika: Mwangalie dada yako. Nataka jawabu.

Aflah hakuandika. Usiku alipiga simu.

"Umemwonesha nani mwengine?"

"Wewe tu. Nadhir ni nani?"

"Nyuma ya Jumana yupo Bi Balqis, kavua shela, ananyonyesha. Mimi ni mwanamume, ya akhi, na nimemwona. Wewe ndiye uliyenionesha."

Ghassan alikuwa hata hakutambua kama kuna mtu nyuma. "Mimi nazungumzia mke wangu!"

"Na Bi Balqis naye mkeo? Sikiliza. Sheria ya makosa ya mtandao iko wazi. Ukimrekodi mtu kwa simu ukaingilia faragha yake, au ukaisambaza picha yake, ni kifungo, hata kama kilichomo ni kweli. Haikuandikwa 'isipokuwa mume'. Dukani unabandika kibao kwamba kuna kamera. Mkeo ulimbandikia wapi?"

"Unanitisha?"

"Nakwambia kilichopo. Nimekuja Ibra nikamwonesha Jumana, kwa sababu ni haki yake kujua. Jumapili anakwenda polisi, na Bi Balqis yuko nyuma yake. Na aliyeshika simu ni Reem, usisahau."

Ijumaa baada ya sala, Ghassan akampakia Reem garini wakaenda Ibra. Wanawake walimchukua Reem jikoni. Yeye akaachwa sebuleni na Aflah, na Jumana, na bibi yao, Bi Sheha, mzee wa Unguja asiyemaliza sentensi bila kuchoma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Nyie ambao wazee wenu walitokea Bujumbura tuliambiwa mna moto, lakini huu wako, mwanangu, unaunguza mpaka majirani."

Jumana hakucheka. "Bi Balqis anataka ifutwe mbele ya macho yangu, na uende kumwomba radhi mumewe. Mimi yangu ni hiyo hiyo, na moja zaidi. Hutaniuliza Nadhir ni nani. Hutamwuliza mtu yeyote. Ukikubali, sendi polisi."

"Nikikataa?"

"Polisi, na harusi hakuna."

Mishipa ya shingo ilimsimama Ghassan. "Mie mume. Ni haki yangu kujua."

"Haki yako ni nisikukhini. Sijakukhini, nakuapia mbele ya bibi yangu. Zaidi ya hapo ni mambo yangu."

"Basi sema jina la babake tu, nitatulia."

"Mpaka lini? Mpaka nicheke tena?"

"Kakupata," akasema Bi Sheha, akimimina kahawa.

Ghassan aliutazama mlango. Angeweza kutoka na kiburi chake chote, kikamfikisha Nizwa bila mke, na dada yake akasimama mbele ya askari kwa kosa alilomtuma. Akaitoa simu, akaifuta video.

"Na kwenye pipa," Jumana akasema.

Akafungua pipa la simu, yanapokaa yaliyofutwa, akafuta na huko. Reem akaitwa, akafuta yake. Aflah akafuta yake.

"Nimekubali," Ghassan akasema.

Njiani kurudi, Reem alijizuia mpaka milima ya Bidbid ikaonekana, karibu na njia panda ya Nizwa. Kisha akajigeuza kitini, uso unang'aa.

"Kaka, jikoni wameniambia. Kumbe Nadhir mwenyewe ni..."

"Nyamaza!"

"Lakini utacheka wewe! Si unavyodhani, yeye ni..."

"Reem, nakuomba." Mikono ilikuwa imeng'ang'ania usukani. Neno moja tu lilibaki, liko pale, mdomoni mwa dadake, na roho yake yote ilikuwa ikilirukia. Alilitaka kuliko maji. "Ukiliona linakutoka, fungua mlango ushuke."

Reem akafunga mdomo, akatazama nje. Walipopita kibao cha barabarani akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, njia ya Nizwa umeipita. Huku tunakwenda Maskati."

"Najua," Ghassan akasema. Hakuwa akijua. Akaendelea kuendesha, akitafuta pa kugeuzia.