Hita Aliyoifunga Marehemu

Shemeji mtu aliingia bafuni na mkoba wake wa spana, akakuta tangi la hita ukutani linadondosha maji, tone kwa tone, ndani ya beseni. Hata mkoba hajautua, akaanza utani.

"Miaka mitatu huniiti, leo limevuja ndiyo unanikumbuka?"

"Fanya kazi, shemeji, acha domo. Na ulishike taratibu."

Mjane alisimama mlangoni, mikono kifuani. Hita hiyo aliifunga mumewe, na mumewe ndiye aliyeihudumia. Kila mwaka, bila kukosa, alizima umeme, akafungua koki ya chini kutoa machicha ya chokaa, kisha akabadilisha kile kijiti cha magnesiamu kinachowekwa ndani makusudi ili kiliwe na kutu, tangi lipone. Alipofariki, mke akaapa kwamba spana nyingine haitaligusa. Mafundi walipita wakiulizia kazi, akawajibu mlangoni kuwa halina shida. Alitaka mikono ya mwisho iliyokaza zile nati iwe ya mumewe, basi.

Shemeji alizima swichi, akafunga maji yanayoingia, akafungua koki. Uji mzito wa mchanga mweupe ukamwagika kwenye ndoo mpaka ikajaa, akaifunga koki. Akageukia nati ya kijiti, akaivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kaka naye alikuwa anakaza! Utadhani anafungia simba humu."

Mjane akacheka, kisha nati ikalia kwa kulegea, na kicheko kikamkauka.

Kijiti hakikuwapo. Ulitoka waya mtupu, mwembamba, umepinda.

Utani ukaisha. Shemeji alipapasa tumbo la tangi, akaonyesha kidole kilicholowa maji ya kutu. "Linavuja mwilini. Kijiti kiliisha, kutu ikahamia kwenye tangi lenyewe. Hapa hakuna kiraka."

"Lina miaka tisa tu!"

"Lingefika hata kumi na tano, shemeji. Lakini miaka hii mitatu halijafunguliwa."

"Sikuruhusu mtu aliguse."

"Ndicho kilicholiua."

Alisema hivyo kwa upole, akiangalia ndoo. Mjane akanyoosha mkono, akaligusa tangi.

"Maji ya moto yamo bado?"

"Yamo. Nimekuta linawaka."

"Basi rudishia hiyo nati, fungulia maji. Nioge kwanza, ndipo uling'oe."

Shemeji alimtazama, akafanya alivyoambiwa, akatoka na kuufunga mlango.

Maji yalimshukia ya moto sana, ya kuchoma mgongo, vile marehemu alivyopenda. Zamani mjane alikuwa akimgombeza mumewe: unataka kunichuna kama kuku? Leo aliyaacha yamchome. Yakawa vuguvugu. Yakapoa. Yakawa baridi ya kukata mifupa, naye mkono haukwenda kwenye bomba.

Mlango ukagongwa. "Shemeji! Umehamia huko?"

"Ngoja kidogo," alijibu, meno yakigongana. "Bado ya moto."