Sare ya Mwaka wa Tatu

Mwaka wa tatu huu nakaa Kidato cha Sita, na mwalimu wa darasa ameacha hata kuniita jina. Anatupa jicho dawati la nyuma, akiniona anaendelea. Nasuka nywele mabutu mawili na kufunga utepe kama wanafunzi wenzangu, vitoto ambavyo vinaniita Bibi. "Bibi, shikamoo! Ulisoma na nani, na Nuhu?" Nina miaka kumi na tisa. Sare imenibana kiunoni hadi napumua kwa mafungu.

Chanzo ni mdomo wa Shangazi Kalolaine, dada yake baba. Nilipofanya mtihani mara ya kwanza, hata matokeo hayajatoka, alisimama kanisani akatangaza kwamba Lupe, binti wa kaka yake, anakwenda kusomea sheria. Watu wakashangilia, mchungaji akaniombea. Matokeo yakaja, alama hazikutosha chuo kikuu. Sasa hapa kwetu Tonga nani atasimama Jumapili nyingine aseme shangazi alikosea? Basi nikarudia kidato. Nikakosa tena. Nikarudishwa tena.

Wiki iliyopita nilichoka. Nikaenda peke yangu chuo cha ufundi, mjini Nukualofa, nikauliza: mtu mwenye alama kama zangu aende wapi? Mwalimu mmoja wa pale akanieleza taratibu. Kwa alama hizo hizo naingia cheti cha ufundi wa mafriji na viyoyozi, mwaka mmoja. Nikifaulu, naunga diploma. Nikimaliza diploma, chuo kikuu kinanipokea, tena siyo kwa kuanza moja.

"Mbona hukuja tangu mwaka juzi?" akaniuliza. Nusura nilie. Walichotaka ni mtu mzima wa familia aje nami Jumatatu kuniandikisha, maana baada ya hapo nafasi zinafungwa.

Nilimkuta baba anamenya magimbi, nikamweleza yote.

"Njia nzuri hiyo, mwanangu," akasema.

"Basi Jumatatu twende."

"Muulize shangazi yako."

"Si wewe ndiye baba yangu?"

"Na yeye ndiye dada yangu."

Ikawa imeisha hapo. Kwetu dada yuko juu ya kaka yake, na kwa watoto wa kaka neno la mwisho ni la shangazi. Baba huyu anagombana na kijiji kizima kwa ajili ya nguruwe wake, lakini mbele ya dada yake ni kifaranga kilichonyeshewa. Akiingia yeye, baba anatoka.

Jumapili baada ya ibada shangazi akaja kula. Akaketi kwenye mkeka wa mbele, na baba akahamia nje karibu na tanuri la ardhini. Nikajikaza, nikasema.

"Friji?" Shangazi aliweka chini kipande chake cha nguruwe. "Nimewaambia watu mwanasheria, leo niwaambie fundi friji? Si wataniletea na baiskeli zao!"

"Shangazi, cheti kinapeleka kwenye diploma, na diploma..."

"Usinifundishe! Mwaka huu utafaulu. Nimefunga, nimekuombea."

Nilitamani kupiga kelele. Mlangoni, kwa nje, kaka yangu Semisi alikuwa ametupa mgongo, maana kaka hajibanzi chumba kimoja na dada yake. Mkewe Luseane, na mtoto wao mchanga mkononi, akanisogelea sikioni.

"Wifi, kaka yako anasema, sema neno moja tu. Kesho anakupeleka."

"Na shangazi je?"

"Atatufukuza, si unamjua. Lakini ukisema wewe, kaka yako hawezi kukataa. Wewe ni dada yake."

Semisi anaendesha gari la duka la shangazi. Wanalala chumba cha nyuma ya duka hilo hilo, watatu. Nikamtazama pale mlangoni: sahani ameshaiweka chini, anafuta mikono, macho ardhini, ananisubiri niamuru. Alifanana na baba hadi nikaogopa. Na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni, jamani, nalitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Mwambie ale," nikamwambia Luseane.

Ndipo hasira zikanipanda. Nikamchukua yule mtoto, Pisila, nikaenda kukaa naye uso kwa uso na shangazi.

"Huyu mtoto shangazi yake ni nani?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Ni wewe," shangazi akasema.

"Basi nasema mbele yenu wote, na Semisi asikie huko nje. Siku huyu akimaliza shule, njia atachagua mwenyewe. Akitaka cheti, cheti. Akitaka kufagia soko, afagie. Mtu asimwamulie. Nimesema."

"Ndiyo," Semisi akaitika kutoka nje.

Shangazi alifuta vidole, akanitazama. Si mjinga yule mama, alielewa kila neno na lilikokuwa linakwenda. Nikaona macho yake yamelainika, nikaanza kutumaini.

"Umesema vizuri," akasema. "Hakuna wa kukupinga hapa, hata mimi. Wewe ndiye shangazi yake."

Akavuta kikapu chake, akatoa sare yangu ya shule, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Na mimi ndiye wako," akasema kwa upole. "Jana nimekupanulia kiuno. Hebu kaijaribu."

Nikampa Luseane mtoto, nikaingia chumbani nikaivaa. Ilinikaa sawasawa.