Ushahidi wa Gia Namba Tatu

Usiku wa kuamkia Jumatatu niliota nimefika kwenye kaunta ya waranti na gia boksi langu begani, kama mtu aliyebeba kiroba cha mahindi. Halikuwa zito. Gari lenyewe, jekundu, la spoti, la milango miwili, lilikuwa limebaki nyumbani, na nilijua limenuna.

Nieleze mapema, maana watu wana maneno. Mimi ni Ambakisye, mwalimu wa udereva hapa Mbeya, mwaka wa kumi na tisa huu. Gia namba tatu ya gari langu ilianza kuchomoka yenyewe, ikaja kusaga, ikafa. Kampuni iliyoniuzia kwa waranti, yaani dhamana ya matengenezo, ikasema: kama ni kosa la kiwanda, tunatengeneza sisi, kama ni dereva, tunaandika barua kwamba dereva hajui kutumia gia. Barua hiyo ndiyo iliyoninyima raha. Mji mzima ungeisoma, halafu nani angekuja kujifunza kwangu? Lakini nilikuwa na hakika zote. Gari hilo naliendesha mimi peke yangu, na mimi sikosei.

Kwenye kaunta alikuwepo Muhuri. Sio karani mwenye muhuri, hapana. Muhuri mwenyewe, mpini wa mbao na miwani, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Subiri kidogo. Waranti ni miaka mitatu au kilomita laki moja, lolote litakalotangulia. Bado wanakimbia."

Nachungulia dirishani. Kweli wanakimbia. Kilomita ni wengi mno, wamejazana barabarani hadi Uyole, wanasukumana na kukanyagana. Miaka ni mama watatu wanene, wamevaa vitenge vya sare. Wawili wameshafika, wamekaa kwenye ngazi, wanamenya machungwa. Wa tatu amesimama njiani anajifunga kitenge upya.

"Mama, usiwe na haraka," nikamwambia.

"Sina, baba," akajibu.

Muhuri akaandika kwamba waranti yangu ingali hai. Kisha akasema mkataba unataka gari liwe limekaa na Matumizi ya Kawaida, akamwita aingie. Akaingia bwana wa makamo, shati la mikono mifupi, mfuko wa viazi mkononi.

"Huyu namfahamu," akasema Matumizi ya Kawaida. "Tumekwenda naye kanisani, sokoni, msibani Tukuyu. Hajawahi kushindana na mtu barabarani. Ila lori moja la ndizi, na hilo lilianza lenyewe."

"Umesikia?" nikamwambia Muhuri. "Gonga hapo tumalize."

Muhuri akajipaka wino, akainuka hewani, akasita. "Mgonjwa mwenyewe hajasema," akasema.

Gia boksi likafunguka. Gia Namba Tatu akatoka, amejiziba mdomo kwa khanga. Meno ya upande mmoja yamekwisha yote, na anaona haya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Waambie hawa kiwanda kilikukosea nini."

"Hapa sitaweza. Twende tukaongee barabarani."

Kaunta haipo tena. Niko ndani ya gari, nateremka Iwambi. Gia Namba Tatu amekaa kiti cha mwalimu, ana rula mapajani. Kiti cha mwanafunzi nimekaa mimi. Muhuri yuko siti ya nyuma, ingawa gari langu halina siti ya nyuma.

"Endesha kama siku zote," anasema Gia.

Naendesha. Naendesha vizuri, niseme tu ukweli: naingiza tatu kwa ulaini, klachi naiachia taratibu, vioo natazama.

"Unaona?" nasema.

"Naona. Mkono wako wa kushoto uko wapi?"

"Kwenye usukani."

"Hebu utazame."

Natazama. Mkono uko juu ya gia liva, umejilaza kama paka mekoni. Nauondoa. Tunamaliza kona moja, natazama tena, umerudi. Sikuutuma.

"Miaka miwili," anasema Gia Namba Tatu, bila hasira. "Uzito wa mkono huo unanisukuma nje kidogo kidogo, nami nang'ang'ania kwa meno. Wanafunzi wako huwa unawaambiaje?"

Nawaambia kila siku mpaka wananichoka: ukishabadili gia, mkono urudi kwenye usukani. Nikaona aibu, aibu ya mtu mzima.

Muhuri akasogeza uso katikati yetu. "Mwalimu, huyu ni gia tu. Ushahidi wa gia mimi siuandiki, naandika neno lako. Ukisema kiwanda, nagonga sasa hivi. Ni kiwanda?"

Nikamtazama Gia Namba Tatu. Alikuwa ameshusha khanga, mapengo yote nje, anasubiri tu.

"Sio kiwanda," nikasema. "Ni mimi."

"Basi lete mkono," akasema Gia, na akanichapa rula moja juu ya vidole, ya kweli kweli.

Nikaamka. Kumekucha, na mke wangu, Mama Lusajo, anafungua pazia. Mkono wa kushoto unawaka moto. Juu ya vidole vinne kuna mstari mmoja mwekundu, umenyooka, na pembeni yake vialama vya milimita, vidogo vidogo, ukitaka unavihesabu.

"Baba Lusajo, nani kakuchapa?"

"Mwalimu wangu," nikamjibu.

Nikachukua simu nikawapigia kampuni. Nikawaambia wasijisumbue kulifungua gia boksi, waandike barua yao, kosa ni la dereva na dereva ni mimi.

Mama Lusajo akakaa kitandani. "Na wanafunzi wakisikia?"

"Watasikia leo leo, tena kutoka kwangu," nikasema, nikautoa mkono nje ya shuka. "Nitaanza somo kwa kuwaonyesha huu."