Sahihi ya Kaka

Wiki ile, kila badiliko katika kanzidata ya kampuni ya maji lilibeba sahihi ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Wateja, mita, malalamiko: popote ulipofungua, aliyebadilisha ni marehemu kaka wa mtunza data wa kampuni.

Bosi, mtu wa utani hata penye msiba, alimwambia mtunza data kwamba wafu hawalipwi mshahara, basi nani anawafanyia kazi? Nywila ya marehemu angeijua nani kama si mdogo wake wa tumbo moja? Akamwandika palepale kwenye jedwali la wafanyakazi: amesimamishwa. Alete maelezo kabla ya jioni, au aache funguo. Chanzo akitafute kwenye meza ya karani, bosi na karani wakimwona.

Mtunza data hakulia wala hakusingizia majini. Alithibitisha kwanza kwamba akaunti ya kaka ilifungwa tangu mazishi. Kisha akaisoma kazi aliyoiacha kaka.

Kaka hakupenda kuandika jambo moja mara mbili. Badala ya kuweka mlinzi kwa kila jedwali, aliandika programu ndogo moja ya kulinda yote. Mstari wowote ukiguswa, kanzidata yenyewe huiambia programu iko jedwali gani, nayo hugonga saa na jina la aliyegusa. Alikufa akiwa ameijaribu kwenye jedwali lake tu. Mdogo wake ndiye aliyeiunganisha na majedwali yote wiki ile.

Kosa akaliona. Ili makarani wasifute nyayo zao, kaka aliipa programu mamlaka yake mwenyewe, yaliyobaki hata akaunti ilipofungwa. Kwa hiyo ilipouliza ni nani aliye kazini, ilijibiwa jina la mwenye mamlaka. Ilipaswa kuuliza ni nani aliyebisha hodi. Kwenye jedwali lake, aliloligusa yeye tu, jibu lilikuwa sahihi siku zote, angelijuaje kosa?

Akabadilisha neno moja. Karani akarekebisha namba ya simu ya mteja mmoja. Likatoka jina la karani. Bosi akagusa mita. Likatoka la bosi.

"Haya, dada, umepona," bosi alisema. "Ngoja nikurudishe."

Akafungua jedwali la wafanyakazi. Mtunza data alikuwa tayari ameandikwa: kazini. Aliyebadilisha: kaka yake. Saa: dakika hiyo hiyo.

Bosi akageuka taratibu. "Nani kafanya hivi?"

Kibodi ilikuwa chini ya vidole vyake mwenyewe. Mtunza data akaomba orodha ya walioingia kwenye kanzidata. Alikuwemo mmoja tu, bosi.

Bosi akaandika upya, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: amesimamishwa. Akahifadhi. Akasoma.

Kazini. Sahihi ile ile.

"Programu sasa ni sahihi, bosi," mtunza data alisema. "Imemtaja aliyebisha hodi."

Bosi akaondoa mkono kwenye kibodi kama aliyeguswa na kitu cha baridi.

"Kaa na funguo zako," alinong'ona, na hakuwa akimtazama yeye.